Juzuu la mwisho halijapoa hata kidogo
Ndugu mwandishi, unasema The Rose of Versailles, ile hadithi ya katuni ya Kijapani kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, ilipaswa kuishia pale Oscar, yule mwanamke mwanajeshi aliyelelewa kama mwanamume, anapouawa kwenye uvamizi wa gereza la Bastille, na kwamba yaliyofuata ni kuvuta muda tu. Sikubaliani nawe. Mtunzi wake, Riyoko Ikeda, alipoianza mwaka 1972, Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, alikuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo ilikuwa lazima tumfikishe mwisho wake. Familia ya kifalme inakamatwa ikitoroka 1791, nywele za malkia zinageuka nyeupe, mwanawe anatolewa mikononi mwake, halafu anakatwa kichwa kwa gilotini. Na bado! Hadithi inaruka hadi 1810, Fersen, mpenzi wa malkia, anauawa na umati kwao Sweden. Katuni ya wasichana ya miaka ile, kumaliza bila harusi, bila hata Oscar, yule kipenzi cha wasomaji? Ule ni ujasiri, na mimi nalipenda juzuu hilo kuliko mengine yote.