Sifuri Niliyoipigania

Kabla hamjaniuliza: sikuzimia. Aliyewaambia kwamba nilizimia mbele ya projekta ametia chumvi. Nilikaa chini tu, ila kiti hakikuwepo pale nilipodhani kipo.

Kisa ni zile tarakimu tatu za maana kwenye lahajedwali yetu ya vipimo: kila namba ionyeshe tarakimu tatu, kuhesabu kuanzia ya kwanza isiyo sifuri. Mkuu hakuzitaka desimali mbili nilizozoea, kwa sababu kipimo cha 0.00431 kilikuwa kinasomeka 0.00, kana kwamba hatukupima kitu. Sawa. Nikashusha fomula ya kufupisha namba hadi tarakimu hizo tatu, =ROUND(A2,2-INT(LOG10(ABS(A2)))), nikajiona profesa. 1284 ikawa 1280, 0.00431 ikatulia kama ilivyo. Kikwazo kikawa 2.50. Lahajedwali haina adabu na sifuri ya mwisho. Inaitupa, inakuandikia 2.5. Mwenye akili zake angeenda kula. Mimi nikaapa sifuri hiyo haitupwi nikiwa hai.

Nikaleta TEXT, fomula ya kuipa namba sura unayotaka: =TEXT(A2,"0.00E+00"). Ikatoka 2.50E+00 (ndiyo 2.50 kwa uandishi wa kisayansi), na sifuri yake. Jamani, raha! Nikaificha safu ya namba asili, nikaelekeza jumla na wastani kwenye safu mpya, nikafunga kompyuta bila hata kushuka chini kutazama. Niliona namba zote zimehamia kushoto mwa seli. Nikadhani ni urembo. (Wewe unayejua maana yake, funga mdomo, wenzako bado wanasoma.)

Basi, kikaoni. Taa zimezimwa, safu yangu imejaa ukutani, watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkuu akasema, "Safi sana. Hebu tushushie kwenye jumla."

Nikaanza kushuka. Polepole, kwa madaha, kidole kwenye gurudumu la mausi, huku naeleza umuhimu wa usahihi. Usahihi! Neno hilo nililitamka mimi, kwa mdomo huu. Mstari wa mwisho ukapanda. Kando ya neno "Jumla" palikuwa na 0.

Si 0.00. Sifuri moja, kavu.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba muda. Nikabofya seli, nikabonyeza Enter, maana labda haikusikia. 0. Nikabonyeza tena. 0. Kisha macho ya kikao kizima yakateremka mstari mmoja, penye "Wastani": #DIV/0!, na ukutani ile alama ya mshangao ilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Mkuu akavua miwani. "Kwa hiyo kazi yote hii," akasema taratibu, "jumla yake ni hakuna?"

TEXT ilikuwa imegeuza namba zangu zote kuwa maandishi (ndiyo maana zilihamia kushoto), na SUM, fomula ya jumla, ikikuta safu ya maandishi inayapita tu, haisemi kitu. AVERAGE, ile ya wastani, nayo haikupata hata namba moja ya kugawia, ikalia #DIV/0!, yaani inagawa kwa sifuri. Hapo ndipo nilipotafuta kiti.

Mwenzangu (ndiye huyo huyo mtangazaji wenu) akachukua mausi, akafichua safu ya zamani, akaichagulia umbizo la kisayansi lenye desimali mbili, akarudisha jumla na wastani huko. Namba zikabaki namba, 2.50E+00 ikaonekana na sifuri yake, kikao kikaendelea. Hata chai yake haikupoa.

Mkuu akauliza, "Sasa ile fomula ndefu ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ni ya akiba.