ALP ikipanda kwa mtoto, tusikimbilie kulitaja ini

Hapa Moshi wazazi huniletea karatasi za maabara wakiwa wameshakata tamaa. Mtoto wa miaka 13, ALP (alkaline phosphatase, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu) iko juu, pembeni pamepigwa alama ya hatari, na mtu kashawaambia ni ini. Naamini tunawatisha watu bure, na inaniuma.

Kimeng'enya hiki kina maumbo kadhaa. Binadamu ana jeni nne za kukitengeneza: ya utumbo, ya kondo la nyuma, ya seli za uzazi, na ya nne inayofanya kazi kwenye ini, mifupa na figo. Maumbo haya huitwa isoenzaimu. Yote hung'oa fosfeti kwenye molekuli nyingine, ila kila moja lina kwao. Hata ALP ya ini na ya mfupa, zinazotoka kwenye jeni moja, hutofautiana kwa sukari zilizoshikamana nazo. Kipimo cha kawaida huzijumlisha zote na kutoa namba moja.

Sasa mtoto anayerefuka anajenga mfupa usiku na mchana. ALP yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya mtu mzima, na haumwi chochote. ALP ya mjamzito wa miezi ya mwisho nayo hupanda, kwa sababu ya kondo. Hii ya kondo ni ngumu kwelikweli: huvumilia nyuzi joto 65, wakati ya mfupa hudhoofika upesi kwenye 56. Zamani maabara ziliitumia tofauti hiyo kuzitambua. Ningependa kila mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano aisikie.

CK, kimeng'enya kingine kilichomo kwenye misuli na moyo, nayo ni hivyo hivyo. Mgumu, yaani mpagazi, aliyeshuka Kilimanjaro na mizigo anaweza kukutwa nayo juu, na nyingi ikawa ya misuli ya miguu, wala si ya moyo.

Maabara zetu, za serikali na za binafsi, zichape majibu ya ALP pamoja na kiwango cha umri wa mgonjwa, na fomu iulize kuhusu ujauzito. Daktari akiwa na shaka aongeze kipimo cha GGT, kimeng'enya kingine, ambayo hupanda ini au njia za nyongo zikiwa na tatizo lakini haipandishwi na mfupa. Nawe mzazi, kabla hujaondoka dirishani, uliza: hicho kiwango mlichoandika hapa ni cha mtoto au cha mtu mzima?