Delamere: ulodi uliisha nguvu London, shamba likabaki Elmenteita

Kila jina la Delamere likitajwa Kenya watu wanagawanyika, wengine wanasema huyo ndo baba wa kilimo wengine wanasema mwizi wa ardhi, na ukweli ni kwamba wote wana pointi.

Hugh Cholmondeley, Baroni (yaani lodi) wa 3 wa Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alizaliwa 1870, akarithi cheo na shamba kubwa Cheshire akiwa bado kijana. 1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 huko Njoro kwa lizi ya miaka 99, halafu baadaye akachukua Soysambu, shamba la kando ya Ziwa Elmenteita. Wanaomtetea wanasema jamaa alichoma pesa yake mwenyewe, kondoo wakafa, ng'ombe wakafa, ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu mpaka akaajiri mtaalamu wa mbegu, na alipokufa 1931 aliacha madeni ya kutosha. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini mtu anapata wapi nafasi ya kufeli miaka yote hiyo? Wamaasai walihamishwa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wao hawakupewa muda wa kujaribu chochote, na huyu huyu alikuwa anajiita rafiki yao na Kimaa anakiongea vizuri tu.

Sasa cheki hii. Kwao Uingereza sheria ya 1999 ilitoa malodi wa kurithi bungeni, wakabakizwa 92 tu, na Delamere wa wakati huo, mjukuu wa Hugh, hakuwa kati yao. Cheo kikabaki jina. Huku kwetu Soysambu bado ilikuwa karibu ekari 48,000, na hiyo ndo nguvu yenyewe.

Mjukuu huyo alikuwa na mtoto mmoja, Tom, aliyempiga risasi na kumuua askari wa KWS (shirika la wanyamapori) 2005 na Mwanasheria Mkuu akaifuta kesi. 2006 akaua mtu mwingine, na 2009 korti ikampa miezi 8. Wakili atakwambia alishakaa rumande Kamiti miaka 3, sawa, lakini ile kesi ya kwanza kufutwa mimi hainiingii akilini mpaka leo.

Ila wale wa "warudi kwao" nao wapunguze, hawa watu walichukua uraia baada ya uhuru, kwao ni hapa. Kama shida ni ukubwa wa shamba basi tuulize pia wanasiasa wetu wenye maelfu ya ekari, maana wao hakuna mtu anawaita walowezi.