Mtoto Asiyejua Kiapo

"Unasoma darasa la ngapi? Mtu akisema uongo anafanywaje?" Katika Mahakama Kuu ya Uganda, mtoto aliyenajisiwa huulizwa maswali ya namna hii kabla ya kuulizwa yaliyompata. Jaji anapima kama anaelewa kiapo. Akielewa, anaapa. Asipoelewa, lakini ana akili ya kutosha na anajua kwamba ni lazima aseme kweli, anasikilizwa bila kuapa. Hapo sheria inafunga mlango mwingine: mshtakiwa hatiwi hatiani mpaka upatikane ushahidi wa pembeni unaomgusa yeye hasa.

Kwa walioapa, mambo yamebadilika. Zamani majaji walifuata desturi iliyotoka Uingereza, ya kulitilia shaka neno la mwanamke au msichana katika kesi za ngono. Katika kesi ya mwaka 2001 Mahakama Kuu ilisema desturi hiyo ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Lillian Tibatemwa-Ekirikubinza, ikathibitisha kwamba neno la mwathiriwa peke yake latosha, mradi mahakama imwone mkweli.

Sasa angalia kinachobaki. Msichana wa miaka 15 anaaminika peke yake. Wa miaka 5 haaminiki, kwa sababu tu hajui kiapo ni nini.

Mawakili wa utetezi wana hoja, nami siidharau. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, adhabu ya juu kabisa ni kifo. Kuna ugomvi wa mashamba, kuna chuki za wake wenza, na mtoto mdogo aliyekaa miezi na mtu mzima anayemrudia hadithi ileile anaweza kuishika kama yake. Asiye na hatia akifungwa kwa maneno ya kufundishwa, nani atamrudishia miaka yake?

Lakini kinga hii ya kudai ushahidi wa pembeni inatibu mguu wakati kidonda kiko mkononi. Fomu ya polisi ya PF3A, anayojaza daktari, inaweza kuonyesha kwamba kitendo kimefanyika. Aliyekifanya mara nyingi haimtaji. Vipimo vya vinasaba hufanywa Wandegeya, Kampala, katika maabara ya serikali, ila mara nyingi mama keshamwogesha mtoto na kufua nguo zake. (Nani angemlaumu?) Basi kesi inaning'inia kwenye vitu kama mshtakiwa kutoroka kijijini, au jirani aliyemwona mtoto akitoka kwake analia. Na anayenajisi ndani ya nyumba yake hahitaji kutoroka, wala hana jirani wa kumwona.

Wakenya walilegeza fundo hili: katika makosa ya ngono, hakimu anaweza kutia hatiani kwa neno la mtoto peke yake akiandika sababu za kumwamini. Tanzania, tangu 2016, mtoto anaahidi tu kusema kweli. Mimi naegemea kwa Wakenya, kwa sababu ya hilo la kuandika sababu: mahakama ya rufaa inapata kitu cha kukagua, na mshtakiwa anapata kitu cha kupinga.

Kisha kuna lugha. Kesi inaandikwa kwa Kiingereza; mtoto wa Kasese anaongea Lukonzo, wa Bombo pengine Kiswahili au Kinubi. Swali la kiapo linapita kwa mkalimani, na jibu linarudi kupitia kwake. Mtoto akinyamaza, kumbukumbu ya mahakama itaandika kwamba hakuelewa kiapo. Haitaandika aliulizwa kwa maneno gani.