Mwalimu anayedai daraja hajasaliti wito

Walimu wakidai kupandishwa madaraja, yaani ngazi za cheo na mshahara, haikawii kusikika kwamba ualimu ni wito. Sibezi kauli hiyo. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyempokea mtoto asiyejua kushika penseli, kisha akamwona mwisho wa mwaka anasoma mwenyewe, ana fahari ambayo hati ya mshahara haina pa kuiandika. Wapo waliostaafu bila cheo chochote na hawajioni wameshindwa maisha.

Ila wanaoishia hapo hudhani daraja ni fedha tu. Kwa mwalimu anayebaki darasani, daraja ndiyo barua pekee ambayo mwajiri humwandikia kukiri kuwa kazi yake imekomaa. Asipoipata kwa miaka, huanza kujiuliza amekosea wapi, hata kama wanafunzi wake wanafaulu.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi. Sababu ilikuwepo: Aprili 2017 orodha ya wenye vyeti vya kughushi ilifikia watumishi 9,932. Hata hivyo, mwenye cheti halali naye alisubirishwa, na baada ya hapo vyeo vilirejea kwa kusuasua hadi msukumo wa 2021. Ndipo likazoeleka neno mserereko, yaani kumsogeza aliyecheleweshwa awafikie wenzake.

Linaloniumiza ni mafao. Kikokotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hutegemea mshahara aliofikia mtumishi kabla ya kustaafu. Kwa hiyo mwalimu aliyestaafu 2019 akiwa nyuma kwa daraja moja hakupoteza nyongeza ya miezi michache tu. Mkupuo wake, yaani fedha anazolipwa mara moja akistaafu, ulikuwa mdogo, na pensheni yake ya kila mwezi ni ndogo hadi leo. Mserereko ulikuta ameshaondoka kazini. Mwenzake aliyeajiriwa naye siku moja, akiwa mdogo kwa miaka mitatu, aliuwahi.

Kumwambia mstaafu huyo ajivunie madaktari aliowafundisha ni kumpa alichokuwa nacho tayari. Anachodai ni kingine, nacho kina kiasi kinachojulikana: tarehe aliyostahili kupanda imo kwenye jalada lake. Tume ya Utumishi wa Walimu na mwajiri wanaweza kulifungua, wakarekebisha daraja lake kuanzia tarehe hiyo, na mafao yakakokotolewa upya.