Land Rover ni ya Baba Yake, Kichwa Kinaniuma Mimi

Mafundi wenzangu, mteja akikwambia gari ni la marehemu baba yake, muulize kwanza kama ana ndugu wengi, kama ana pesa, na kama ana Instagram. Akiwa na vyote vitatu, mwambie gereji umeifunga, umehamia Singida unalima alizeti.

Mimi hakuna aliyenishtua. Ndiyo maana hapa Unga Limited, Arusha, nafasi ya magari matatu imekaliwa na Land Rover 109 moja ya mwaka 1966, ile ya taa za mbele zilizosogeleana katikati. Ilikuwa imelala uani kwa mzee miaka na miaka, kuku wanatagia siti ya nyuma. Basi Oktoba 2024 likafanyika lile tamasha la Land Rover hapa mjini, barabara zikajaa, watu wakapiga picha, na kila mwenye mkweche chini ya mwembe akagundua kwamba ana urithi. Mteja wangu, ninayemwita Bosi, naye akagundua.

"Fundi wangu," akaniambia, "nataka uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Asili yake usiiguse hata kidogo."

Nikasema huyu ndiye mteja. Ya asili naijua, nimekulia humo. Akavuta pumzi.

"Ila uniwekee AC."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mtu mzima. Bosi, gari hili lina AC yake tangu kiwandani. Hapo chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili, ukisukuma mkono wake vinafunguka, hewa inakuja moja kwa moja kifuani. Inakuja na vumbi, inakuja na panzi, na masika inakuja na mvua, hilo sikatai. Juu nako paa ni mawili, bati juu ya bati, katikati upepo unapita, na waliolibuni walikuwa wanaliwaza jua la huku kwetu. Bosi akasikiliza kwa adabu zote. Akasema, "Nimekuelewa fundi. Lakini mke wangu ana mzio wa vumbi."

Sasa hebu fikirieni: AC kwenye gari ambalo ukifunga mlango bado unaona boda boda zinapita kupitia upenyo wa pembeni. Hapo hupozi gari, unapoza Kata ya Unga Limited.

Lakini mteja ni mfalme. AC inataka umeme, na gari la 1966 lina dainamo, haina nguvu hizo. Juu ya hapo, umeme wake umekaa kinyume na magari ya leo: upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ni chanya, hasi ndiyo inayotembea kwenye waya. Hilo nilimwambia Bosi, Bosi hakumwambia mpwa wake. Jumapili mimi niko kanisani, mpwa akaja na redio ya Bluetooth, mpya, bado iko kwenye plastiki, akaifunga kwa kuangalia video ya simu. Majirani wanasema moshi ulitoka kama wa mama anayechoma mahindi. Jumatatu nikapigiwa simu: "Fundi, mbona gari lako limeunguza redio yangu?"

Gari langu! Likiwaka ni la baba yake, likiunguza ni langu.

Basi tukatoa dainamo, tukaweka alteneta, tukageuza umeme wote, nyaya mpya toka mbele mpaka nyuma. Bosi akaja, akachungulia kwenye boneti, akauliza kwa wasiwasi, "Bado ni ya asili lakini?" Nikamjibu bado, Bosi, ni asili yenye risiti.

Tairi sasa. Gari hili linavaa 7.50 kwa rimu ya 16, tairi nyembamba, ndefu, inakata tope mpaka inakuta ardhi ngumu. Bosi hazitaki. Alinitumia picha ya gari la huko Ulaya limevaa tairi pana. Nikamwonya kwamba usukani huu hauna pawa, ni mikono yako na Mungu wako. Akasema yeye anafanya mazoezi. Tukafunga tairi pana. Alipojaribu kugeuza gari hapo getini nilimwona mishipa ya shingo imemtoka, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua. Akashuka, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini vijana wangu wasisikie: "Kwani pawa inaweza kufungwa?"

Kufungwa inafungwa. Kitu gani hakifungwi? Nikiletewa hela nafunga hata choo.

Mnaodhani kazi yenyewe ni hizo mbwembwe, njooni muone bodi. Kwenye gari kuukuu silaha yangu ya kwanza ni sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu. Bodi ya Land Rover hizi ni alumini. Zilipoanza kutoka mwaka 1948 vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, ndipo wakatumia alumini. Sumaku haishiki alumini. Kwa hiyo napitisha sumaku kwenye madigadi polepole, inateleza, inateleza, inateleza, mara tap! Imenata. Hapo najua kuna fundi mwenzangu alipita zamani na kipande cha bati, akapiga ribiti, akapaka puti kama hana akili nzuri, akachukua hela yake akaenda. Madigadi ya kushoto peke yake sumaku ilinata mpaka nikachoka kuibandua. Nilipobandua puti nikakuta gazeti ndani. Gazeti! Nikakaa chini nikasoma matokeo ya mpira.

Na chasisi ndiyo usiseme. Hiyo ni chuma. Chuma na alumini vikikaa pamoja, maji yakaingia katikati, vinakulana, alumini inageuka unga mweupe. Tuko Unga Limited, lakini unga ule haupikwi. Bosi alipouona akauliza kama inatosha kupulizia rangi juu. Nikachukua bisibisi, nikaigusa chasisi kwa upole kabisa, ikazama mpaka kwenye mpini. Akanyamaza. Siku hiyo ndiyo pekee aliyotoa hela bila kuuliza swali.

Na vijana wa siku hizi? Nina chalii mmoja ana mikono mizuri, ila amelelewa na Toyota, anajua milimita tu. Nati za gari hili ni za inchi. Yeye anaona spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, anafurahi. Inaingia, ndiyo, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7! Hicho kinafasi kilichobaki ndicho kinachokula kona za nati. Akivuta kwa nguvu, nati inabaki duara kama pete ya harusi na spana inamrudia kwenye vidole. Nimemnunulia seti ya inchi. Anaifunika kwa kitambaa, sijui anadhani ni ya makumbusho.

Ningemaliza kazi mapema zaidi kama si wazee. Gari hili likiwa gereji, hakuna mzee anayepita bila kusimama. Utamwambia nini? Unatoa shikamoo, unaweka spana chini, unasikiliza. Mmoja anasema hii ndiyo iliyowaletea sinema kijijini, wakatandika shuka ukutani, wakakimbia treni ilipoonekana inakuja. Mwingine anaapa hii ndiyo iliyomkamata na gongo. Anakumbuka mpaka namba za gari. Nikamwonyesha namba zenyewe, hazifanani hata tarakimu moja. Akasema zimebadilishwa.

Kisha akaja baba mdogo wa Bosi na fimbo yake, akaomba kiti, akakaa kabisa. Yeye anataka rangi ya kijani, maana kaka yake aliinunua ya kijani. Shangazi akapigiwa simu, spika ikawekwa wazi: rangi ilikuwa kijivu, na anayebisha aende kwake Usa River. Mama mzazi wa Bosi anasema bluu, yeye alipelekwa leba nayo. Nikachukua msasa, nikasugua sehemu moja ya mlango mbele yao. Ikatoka nyeupe, chini yake bluu, chini kijivu, chini kabisa kijani. Mzee akagonga fimbo yake chini kwa ushindi. Shangazi akakata simu.

Bosi amechagua nyeusi isiyong'aa. Ameiona Instagram.

Tukaja kwenye kuendesha. Bosi ana dereva, kijana nadhifu, amezoea gari la otomatiki, linalojibadilishia gia lenyewe. Nikamketisha. Nikamwambia mdogo wangu, gia ya kwanza na ya pili hapa hazina huruma: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, kanyaga tena, ndipo uingize. Hiki kijiti chenye kichwa chekundu ni cha nguvu kubwa na ndogo, hiki cha njano ukikibonyeza magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Akaitikia "sawa kaka" kila mahali. Alipoingiza ya pili, giaboksi ilipiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akaacha kugeuza chapati. Dereva akashuka, akampigia Bosi simu, akasema gari ni bovu.

Sasa imekamilika. AC inapuliza, milango nimeipiga raba mpya pande zote, sakafu nimetandika magodoro ya kuzuia kelele, usukani unageuza kwa kidole. Jana usiku nimeletewa ujumbe wa sauti, na Bosi akituma wa zaidi ya dakika mbili ujue kuna kazi. Amezunguka na baba mdogo mpaka Monduli na kurudi. Baba mdogo njia nzima alikuwa kimya. Walipofika nyumbani akasema gari ni zuri, ila siyo lile la kaka yake: halipigi kelele, halitingishiki, na halinuki petroli.

Kwa hiyo Bosi anauliza kama kelele na ile harufu vinaweza kurudishwa, lakini AC ibaki.

Nimemjibu vinawezekana. Alete nusu kwanza.