Tunauziwa mafuta gizani

Jioni ya tarehe 14 mwezi uliopita, redio ya matatu niliyopanda ilikuwa inasoma bei mpya za mafuta kama kawaida. Baadaye akahojiwa afisa mmoja wa serikali. Mtangazaji akamuuliza kwa heshima zote: huu mkataba wa mafuta wa serikali kwa serikali, raia wa kawaida anaweza kuusoma wapi? Afisa akajibu kwamba anachotaka mwananchi ni kukuta mafuta akifika kituoni, hayo mengine awaachie wanaoyaelewa. Mahojiano yakaendelea na mambo mengine. Mimi jibu hilo limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu hivyo ndivyo sera yetu ya nishati inavyoendeshwa: nunua, lipa, nyamaza.

Basi tuuzungumzie huo mkataba. Hadi mapema 2023 Kenya ilikuwa inaagiza mafuta kwa zabuni ya wazi. Kampuni zilishindana kila mwezi, aliyetaja gharama ya chini ndiye aliyeleta shehena, na wenzake wakachukua mafuta kwake. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na kampuni kubwa zilijua pa kuubonyeza. Lakini aliyeshinda alijulikana ameshinda kwa bei gani, na aliyeshindwa alirudi mwezi uliofuata kujaribu bahati yake tena.

Machi 2023 serikali ikaweka zabuni kando. Ikatia saini na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kampuni tatu zinazomilikiwa na serikali za Ghuba, zituletee mafuta kwa mkopo wa siku 180. Huku nyumbani, kazi ya kuyapokea na kuwauzia wengine ikaangukia Gulf Energy, Galana na Oryx. Kama kulikuwa na ushindani wa kuzipata kampuni hizo, sisi umma hatukuuona. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wa gharama nafuu. Sasa, kama ni serikali inayonunua, ushindani uko wapi? Na kama ni biashara ya watu binafsi, kwa nini wafanyabiashara wengine wamefungiwa nje?

Sababu tuliyopewa ilikuwa dola. Nakubali, shida ya dola ilikuwepo. Waagizaji walikuwa wanazungushwa na benki mapema mwaka ule, na mafuta hula dola nyingi mno. Kusogeza malipo miezi sita mbele kulileta ahueni ya muda. Lakini fuatilia tarehe. Mkataba ukitiwa saini, dola moja ilikuwa shilingi 130 hivi. Kufikia Januari 2024, mafuta ya mkopo yakiwa yanaingia kwa miezi kadhaa, dola ilikuwa imegonga 160. Shilingi ilipata nguvu Februari 2024, serikali ilipouza Eurobondi mpya, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 1.5 na wawekezaji wakaacha kuogopa kwamba deni la Juni mwaka huo lingetushinda. Anayesema leo kwamba mkataba wa mafuta ndio ulioiokoa shilingi, atueleze ilikuwaje ikaporomoka huku mkataba ukiwa kazini.

Na mkopo lazima ulipwe. Meli ikishusha mzigo Mombasa leo, dola zitatafutwa baada ya miezi sita. Shilingi ikianguka hapo katikati, kuna mtu atakayelipa tofauti. Muuzaji wa Ghuba hatailipa, yeye anadai dola zake tu. Kampuni ya hapa nayo itataka gharama hiyo iingizwe kwenye bei. Anayebaki ni mhudumu wa bodaboda anayeweka mafuta ya mia mbili kila asubuhi, na mama mboga ambaye nyanya zake zimeletwa na lori kutoka Kirinyaga. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Bei ya dunia ilikuwa imepanda, kweli, na Julai mwaka huo VAT ya mafuta ilikuwa imeruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Lakini mtu aliyesimama pale kituoni akitazama tarakimu zikikimbia hakuwa na njia ya kujua ni shilingi ngapi zimesababishwa na soko la dunia, ngapi ni kodi ya KRA, na ngapi zimeletwa na mpango wenyewe. Kujua hiyo ya mwisho kunahitaji kuusoma mkataba. Na mkataba ndio huo tunaoambiwa tuwaachie wanaoyaelewa.

Waganda hawakukubali kuachia. Walikuwa wananunua mafuta yao kupitia kampuni za Kenya, na Novemba 2023 wakasema waziwazi kwamba madalali wa huku wanawapandishia bei. Wakaenda kuelewana na Vitol, kampuni ya kimataifa ya kuuza mafuta, kupitia UNOC, kampuni yao ya taifa, na Kenya ilipowawekea vikwazo vya leseni wakatupeleka katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kufikia katikati ya 2024 walikuwa wanaagiza wenyewe kupitia Mombasa. Jirani asiye na bahari amepata mlango wa kutokea kwenye mpango uliobuniwa Nairobi, na mkazi wa Nairobi hana. IMF nayo ililalamika kwamba mpango unavuruga soko la fedha za kigeni, na serikali ikaahidi kujiondoa. Badala yake, mwaka 2025 ukaongezwa hadi 2028.

Naomba hapa tuelewane vizuri. Tuliambiwa hii ni hatua ya dharura. Dharura ilikuwa dola, na dola ilishatulia kwenye shilingi 129 hivi tangu 2024. Mamlaka ya kuamua nani alete mafuta nchini yalichukuliwa kwa sababu hiyo, na sababu ilipoondoka hayakurudishwa. Hilo lingenikera hata kama lita ingekuwa shilingi mia. Tangu Desemba 2010 serikali ndiyo inayopanga bei ya juu kabisa ya mafuta. Sasa inachagua na mletaji. Inatoza kwenye kila lita. Na siku hizi inakopa kwa kutumia tozo hizo, jambo ambalo nadhani Wakenya wengi hawajalipa uzito wake.

Tarehe 26 Juni 2024 Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha baada ya vijana waliouandamania kuuawa barabarani. Tukaambiwa tumesikika. Tarehe 14 Julai, hata damu haijakauka, tozo ya ukarabati wa barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Haikuhitaji mswada, kwa maana waziri ana mamlaka ya kuibadilisha kwa amri tu. Na siku hiyo hiyo bei ya petroli Nairobi ilitangazwa kuwa imeshuka kwa shilingi moja. Kwenye soko la dunia kulikuwa na nafuu, serikali ikaimeza nafuu hiyo kabla haijatufikia, na vichwa vya habari vikaandika kwamba mafuta yameshuka. Mwaka uliofuata, shilingi 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani kwa mkopo wa shilingi bilioni 175 wa kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Yaani petroli ambayo hujainunua, ya safari ambayo hujaipanga, tayari imeshakopewa. Wanakandarasi walistahili kulipwa, sibishani na hilo. Lakini nani aliulizwa?

Ndivyo inavyokwenda kila mara. Mwaka 2018 waliokuwa wakichakachua dizeli kwa mafuta ya taa waliwashinda wakaguzi, na dawa iliyopatikana ikawa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mama anayenunua ya kupimiwa kwa chupa ya soda ili apikie watoto kwenye stovu akabebeshwa adhabu ya mwenye lori. Mwaka 2020 tozo ya ustawishaji wa mafuta ikatolewa senti 40 hadi shilingi 5.40, tukaambiwa ni akiba ya kutukinga bei ikipanda. Septemba 2022 ruzuku ya petroli ikaondolewa, lita ikaruka hadi shilingi 179.30, na ile 5.40 ikaendelea kukatwa kama kawaida.

Kwenye stima ni yale yale. Nunua tokeni za mia tano kisha usome ule ujumbe wa simu mstari kwa mstari: gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya maji, ada ya umeme vijijini, ada ya EPRA ambayo ni mdhibiti wa nishati, VAT. Kisha angalia yuniti ulizopewa.

Adani, yule tajiri wa India, sitamzungumzia sana. Oktoba 2024 KETRACO, shirika la serikali la kusafirisha umeme, ilitia saini na kampuni yake mkataba wa nyaya za umeme wa miaka 30, wenye thamani ya dola milioni 736. Mahakama Kuu ikausimamisha. Rais aliufuta tarehe 21 Novemba, siku moja tu baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka dhidi ya Gautam Adani. Wakenya walikuwa wamelalamika kwa miezi. Ilichukua waendesha mashtaka wa nchi nyingine ili serikali yetu itusikie.

Sipingi serikali kushughulika na nishati. Ni shirika la umma lililozalisha umeme wa mvuke Olkaria tangu 1981, kazi ambayo wakati ule hakuna mwekezaji binafsi angeithubutu, na leo ndiyo inayotubeba. Ni pesa za umma zilizofikisha nyaya kwenye vijiji ambavyo hakuna mfanyabiashara angevitazama mara mbili. Nataka serikali ichimbe na ijenge. Kutuchagulia wauzaji mlango ukiwa umefungwa ni jambo tofauti kabisa, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinailazimisha Serikali kuchapisha habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Kama bei ya kila lita inayoingia nchini haigusi taifa, sijui kinacholigusa ni nini.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Mkataba wa mafuta unaisha baada ya hapo. Yeyote atakayeapishwa atakuta mamlaka haya yote mezani, tayari kutumika: bei, waletaji, tozo inayopandishwa kwa amri ya waziri, na mkopo uliosimama juu ya tozo hiyo. Wapo wanaopiga kelele leo wakiwa nje, na wengi wao walikuwa ndani wakati mengine ya haya yakitungwa. Anayetaka kura yangu asije kuniahidi lita ya shilingi mia. Aniambie ni mwezi gani atachapisha mkataba huo mzima, ni lini atarudisha zabuni ya wazi, na kama yuko tayari kupeleka Bungeni sheria ya kumnyang'anya waziri wake mwenyewe uwezo wa kupandisha tozo ya mafuta bila wabunge kupiga kura.